Taa Nne za Trekta la Nyasi

Pale hospitalini, aliyelijua jina lake la kuzaliwa ni karani wa mishahara peke yake, na huyo naye ilibidi kwanza afungue faili. Wengine wote, kuanzia madaktari hadi walinzi wa getini, walimwita Mzee Mistari. Jina hilo alilifanyia kazi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akikata nyasi za viwanja vya hospitali kwa trekta dogo jekundu, na akimaliza, uwanja ulibaki na mistari iliyonyooka, mmoja umelalia huku, wa pili umelalia kule, utadhani mtu kapiga rula. Wagonjwa wa ghorofani walisogezwa dirishani waitazame. Daktari mmoja, siku hizi kastaafu, aliwahi kusema mistari ile inatibu kuliko baadhi ya vidonge vyake, na mzee wa watu akayatunza maneno hayo kama watu wanavyotunza hati ya kiwanja.

Sasa mistari ilikuwa imelewa. Ilianza mwaka uliopita, mstari mmoja ulipopinda karibu na wodi ya wazazi, naye akasingizia gurudumu. Mwezi uliofuata akaacha ukanda mzima wa nyasi katikati ya uwanja, kama kichwa kilichokimbia kinyozi kabla hajamaliza, akasingizia visu. Alinoa visu vilivyokuwa vikali. Akabadilisha gurudumu lililokuwa zima. Kila kosa alilitwisha trekta, na trekta, kwa kuwa halina mdomo, likakubali yote.

Ukweli aliujua yeye. Wahenga walisema macho hayana pazia. Yake yalikuwa nalo, tena zito, na kila alipoamka alijaribu kulipangusa kwa kiganja, lisipanguke. Watu walio mbali kidogo aliwatambua kwa mwendo na kwa sauti. Maandishi ya kwenye milango alikuwa ameacha kuyajaribu. Uwanjani alikwenda kwa kuhesabu: kutoka ukingo wa barabara hadi ukuta wa jiko ni hesabu ya hamsini na nne, kata kona, rudi. Hesabu ilimsaidia sana, ila mtu akimsalimia katikati ya thelathini na kitu, basi mstari ulikwenda arijojo.

Aliogopa mambo mawili. La kwanza lilikuwa jepesi kulieleza: msimamizi wa bustani akijua, atamshusha kwenye trekta siku ileile, na atakuwa na haki, kwa sababu mashine yenye visu vitatu tumboni haiendeshwi kwa kukisia. Kustaafu kwake kulikuwa kumebaki miaka mitatu, na unga ungemwagika mlangoni kabisa.

La pili hakumweleza mtu, hata mkewe. Baba yake alikufa kipofu. Ilimwanza hivihivi, kwa ukungu, mboni zikaenda zikibadilika hadi zikawa nyeupe, na ndugu wote wakasema ni ugonjwa wa ukoo, babu naye alikuwa nao. Kwao ugonjwa wa ukoo haupelekwi popote. Unasubiriwa kama zamu. Mzee Mistari alimchukua baba akakaa naye nyumbani kwake, akamfungia waya: akapigilia vigingi vinne, akavuta waya wa kuanikia nguo usawa wa kiuno, kutoka mlango wa chumba hadi mlango wa choo. Baba alitembea ameushika waya huo miaka kumi na moja, asubuhi na jioni, mpaka ukang'aa. Majirani walimsifu sana mwana. Walisema wazee wangapi wanaachwa wajikongoje, huyu kamfungia baba yake waya.

Na sasa zamu ilikuwa yake. Hivyo ndivyo alivyoiona, na ilimchosha kuliko kazi.

Utauliza, basi hakukuwa na daktari wa macho katika hospitali nzima? Alikuwepo. Kliniki ya macho ilikuwa upande wa mashariki wa uwanja mkubwa, mlango wa buluu, na ilikuwepo hata kabla hajaajiriwa. Alikata nyasi za mbele yake mara mbili kwa wiki. Akifika pale aliongeza mwendo. Usimcheke, anayeogopa jibu haulizi swali, hata kama wa kuulizwa yuko hatua tano.

Mambo yalibadilika pale visu viliporusha jiwe, likapasua kioo cha gari la mgeni aliyekuja kumtazama mgonjwa. Msimamizi, kijana mwenye haraka ambaye hata chai aliinywa amesimama, akatoa amri: kuanzia sasa nyasi zikatwe kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa moja, kabla watu hawajajaa.

Watu wa bustani walinung'unika. Mzee Mistari hakunung'unika. Usiku wake wa kwanza baada ya amri hiyo alilala vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, maana gizani kila mtu haoni, na mstari ukipinda alfajiri atakayelaumiwa ni giza. Kesho yake akamfuata msimamizi.

"Trekta lina vitaa viwili tu, tena vya kuonyesha kwamba tupo," alisema. "Niruhusu nifunge taa za ziada."

"Mzee, umeme unaujua?"

"Nilikuwa nafunga waya wewe hujavaa viatu."

Hakusema waya gani. Msimamizi alicheka, akaruhusu, akaondoka na chai yake.

Taa alizitoa kwenye gari la wagonjwa lililokufa zamani nyuma ya karakana, ambalo kila fundi wa pale alikuwa akilichuna polepole kama watu wa nyumbani wanavyomaliza mkate. Akapata taa mbili kubwa za mbele, na nyaya tumboni mwake za kutosha. Jumamosi mchana, watu walipokwenda zao, alilisukuma trekta hadi bandani, akaanza. Vyuma vya kushikia taa alikuwa ameshachomelewa karakana. Alitoboa boneti kwa drili, akakaza taa kwa spana, na hadi hapo mikono ilimtosha, kwa sababu nati haihitaji kutazamwa. Zilipofika nyaya ndipo aliposhindwa. Kulikuwa na nyekundu, kahawia na nyeusi, na machoni pake zote tatu zilikuwa rangi ya chai ya rangi.

Alikuwa amekaa chini, waya mmoja kauweka puani kabisa, mkewe alipoingia na chupa ya chai. Mkewe alikuwa fundi wa mashuka. Hospitali ilikuwa na chumba chake cha kushonea, na humo, kwa mwaka wa kumi na nane, alitia viraka mashuka na kushona magauni ya wagonjwa.

"Unaunusa?" aliuliza.

"Taa ya humu mbaya. Niambie ipi nyekundu."

Mkewe alitazama mlango. Ulikuwa wazi pande zote mbili, na jua la saa nane lilikuwa limemwagika sakafuni hadi kwenye magurudumu. Akachuchumaa, akazichukua nyaya, akatoa kibiringo cha uzi mfukoni mwa aproni.

"Nyekundu nimeifunga fundo moja," alisema baada ya muda. "Nyeusi mafundo mawili. Kahawia matatu. Ukishika utajua."

Mzee alizipapasa. Fundo moja, mawili, matatu. Hakuwa ameomba mafundo. Aliomba rangi tu.

"Uliponioa," mkewe alisema, akimimina chai, "ulikuwa ukinitilia uzi kwenye sindano kwa mwanga wa mshumaa. Nikawa nawaambia wenzangu, huyu mwanamume ana macho ya paka."

"Paka naye huzeeka, mama."

"Huzeeka. Lakini paka akiumwa hujificha uvunguni, na mwenye nyumba anajua kwamba anaumwa. Mficha maradhi, mume wangu..."

"Naumwa nini mimi? Nafunga taa."

"Haya. Funga."

Akakaa palepale juu ya debe, hakumalizia methali, akamwangalia. Na yeye akafunga. Kutoka kichwa cha chanya cha betri akaleta waya wa fundo moja hadi kwenye fyuzi, kisha hadi kwenye swichi aliyoiweka karibu na usukani. Kutoka swichi, ule wa mafundo matatu ukaenda kwenye taa zote mbili. Na ule wa mafundo mawili akaufunga kwenye mwili wa trekta, baada ya kukwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikaonekana, au tuseme, mpaka kidole kikakihisi. Mkewe hakumsaidia zaidi ya hapo. Alipobonyeza swichi, ukuta wa banda ukawaka wote, na mzee akajikuta anatabasamu peke yake, maana ukuta aliuona.

"Umeona?" alimwambia mkewe.

"Mimi nimeona," mkewe alijibu, akakusanya vikombe.

Jumatatu alfajiri umande ulikuwa umelala. Aliwasha taa zake mbili, na badala ya nyasi akaona maziwa. Mwanga uliondoka kwenye trekta, ukagonga umande, ukamrudia machoni, na kati yake na uwanja kukasimama kitu cheupe kisichokuwa na mbele wala nyuma. Alikata kwa kuhesabu, kama kawaida. Jua lilipochomoza msimamizi alipita, akatazama mistari, akakuna kichwa.

"Leo vipi, mzee?"

"Mbili hazitoshi. Naongeza."

Hapo ndipo palipokuwa na kosa lake, na ni kosa la mtu aliyeishi maisha yake yote na mashine. Mashine ikikosa nguvu, unaiongezea. Kisu kikigoma unakinoa, gurudumu likilegea unalijaza, na asiyeona anaongezewa taa. Haikumjia kwamba jicho halifuati desturi za karakana. Fundi wa magari alimwonya kwa upande wake.

"Mzee Mistari, dainamo ya kitrekta hicho ni ndogo. Taa mbili inajikaza kisabuni. Ukiweka nne, zitakula betri mpaka mifupa."

"Nitaziwasha saa mbili tu kwa siku."

"Betri haijui kusoma saa."

Hakumsikiliza. Jumatano jioni akafunga mbili nyingine, zile ndogo za kwenye paa la gari la wagonjwa, akaziweka chini karibu na visu, zimulike nyasi kwa ubavu ili kivuli kimwonyeshe wapi pamekatwa na wapi bado. Kwa mwenye macho, hilo lilikuwa wazo zuri, na wakata nyasi wengi wangemwiga. Safari hii nyaya hakumpelekea mkewe. Alizifunga mafundo mwenyewe kwa kufuata zile za kwanza, na alipomaliza alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi hauusogezi.

Alhamisi, saa kumi na moja na nusu, aliwasha zote nne. Ulimwengu ukawa shuka jeupe. Alikaa kidogo mkono ukiwa kwenye swichi, akifikiria kuizima, lakini akiizima atamwambia nini msimamizi? Akapiga moyo konde, akashusha visu, akaanza kuhesabu. Mstari wa kwanza, hamsini na nne, kona. Wa pili. Wa tatu. Kwenye wa nne mlinzi alipita na baiskeli, akasema, "Mzee, leo umeleta mchana kabla ya wakati," naye akajibu, "Tunajitahidi," na alipojibu tu, hesabu ikamtoka. Ilikuwa arobaini na moja au thelathini na moja. Akachagua moja.

Alichosikia kwanza ni mlio. Nyasi zina mlio wake chini ya visu, mlaini. Huu ulikuwa mlio wa vijiti vikavyo, kisha udongo ukigonga bati, kisha jiwe. Akazima injini. Taa zikabaki zinawaka. Akashuka, akapiga magoti, akapapasa. Mwiba ukamchoma. Waridi. Hapo akajua alipo, maana waridi hospitali nzima zilikuwa mahali pamoja: mbele ya mlango wa buluu, miche kumi na miwili, ambayo muuguzi wa macho aliipanda kwa mkono wake na kuimwagilia kila asubuhi kabla ya kazi.

Na muuguzi mwenyewe alikuwa amesimama hapo na kopo la maji.

"Saba," alisema muuguzi, kwa sauti ya mtu ambaye hata hasira ingemchosha asubuhi ile. "Umebakiza mitano."

"Nisamehe, sista. Giza."

"Giza?" Alizitazama taa nne. "Mzee wangu, mimi nimetoka nyumbani natazama hospitali inawaka, nikadhani kuna moto. Giza gani?"

Mzee alikuwa angali amepiga magoti, shina la waridi mkononi, na ghafla hakuwa na nguvu za kusingizia kitu. Gurudumu alishalisingizia. Visu pia. Giza ndilo lilikuwa la mwisho, na limekataliwa.

"Sioni," alisema.

Muuguzi aliweka kopo chini. Akamshika mkono, akamkalisha kwenye tairi la mbele, akamwambia atazame juu. Taa zilikuwa zimeanza kufanya alichosema fundi: injini imezimwa, betri inaliwa, na mwanga ulikuwa ukishuka kutoka mweupe kwenda wa njano. Kadiri ulivyoshuka, kitu cha ajabu kilimtokea. Shuka lilianza kuondoka. Aliona kopo la maji. Aliona uso wa muuguzi, na kwamba alikuwa mtu mzima, si msichana kama alivyodhani miaka yote kwa sauti yake. Aliona ukanda alioukata nyuma yake, umepinda kama njia ya mbuzi, na akaona aibu.

"Mtoto wa jicho," muuguzi alisema. "Macho yote mawili. Hata bila chombo nauona weupe. Umekaa nao muda gani?"

"Mwaka. Zaidi. Lakini huu wa kwetu ni wa ukoo, sista."

"Wa ukoo, wa uzee, wa jua, sisi hatuuulizi ukoo. Tunautoa. Nusu saa, jicho moja leo, la pili baadaye. Unarudi nyumbani jioni, na bandeji ikifunguliwa, kwa kawaida mtu anaona." Akaonyesha taa kwa kidevu. "Na hizo zilikuwa zinakumaliza. Mwenye mtoto wa jicho ukimwongezea mwanga, unamwongezea ukungu. Trekta hupandi tena mpaka nikuruhusu. Msimamizi nitamweleza mimi, na kiti chako kitakusubiri, wala asijaribu kunibishia."

Mtu mwingine angefurahi. Amefungua mlango aliouogopa na ndani hamna simba. Mzee Mistari alikaa juu ya tairi akilizungusha shina la waridi kiganjani.

"Sista," alisema mwishowe. "Mtu mwingine. Alianza hivihivi, kwa ukungu. Mboni zikawa nyeupe, kila mtu aliziona. Akakaa hivyo miaka kumi na moja, akafa. Na yeye angetolewa?"

"Sikumwona, siwezi kuapa. Lakini nyeupe kabisa, ukungu unakuja polepole, bila maumivu?"

"Bila maumivu."

"Basi huenda angetolewa. Wengi wa hivyo huona. Alikuwa anaishi mbali?"

Mzee alikuwa akihesabu, kwa mazoea. Miaka kumi na moja, mara mbili kwa wiki. Kila mara alipita mbele ya mlango huu, na kila mara aliongeza mwendo, huku nyumbani mtu akienda chooni ameshika waya.

"Nilimfungia waya," alisema.

"Waya gani, baba?"

"Waya wa kutembelea. Mzuri. Haukukatika hata siku moja."

Akalia hapo juu ya tairi, bila sauti, kama wanavyolia watu waliokwisha kuchoka. Muuguzi hakuelewa waya, lakini alielewa kilio, akamwacha. Taa moja ikazimika, halafu ya pili, halafu zile za chini kwa pamoja. Kulikuwa kumeshapambazuka. Wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walianza kuingia getini, na miongoni mwao fundi wa mashuka, ambaye alipoliona trekta mbele ya mlango wa buluu aliacha njia ya saruji, akaja moja kwa moja akikanyaga umande. Akamtoa miba kwenye kiganja, mmoja baada ya mwingine, kisha akamshika mkono wakaingia ndani.

Muuguzi alikaa mezani, akavuta fomu.

"Jina?"

"Mistari," alisema mkewe kwa mazoea, akataka kucheka, akaacha.

"Jina kamili," muuguzi alisema. "Lake na la baba yake."

Mzee akataja lake. Kisha akafungua mdomo kutaja la pili, akaufunga, akaufungua tena. Muuguzi alingoja, kalamu ikiwa juu ya karatasi. Ilimchukua muda, lakini alilitaja, na muuguzi akaliandika.